Kusi Usoni, Kusi Mgongoni: Tanga hadi Pangani kwa Baiskeli, Wikiendi ya Kipupwe

IJUMAA JIONI, NGAMIANI, TANGA MJINI

Mwezi wa saba kusi imeshika, na safari ya Pangani hupangwa kwa upepo kwanza, kilomita baadaye. Barabara inateremka kufuata pwani kilomita 50 hivi kuelekea kusini, na upepo unakuja kutoka kusini-mashariki. Kwenda ni kuupokea usoni, bega la kushoto likitangulia. Kurudi ni kusukumwa. Jumamosi, miguu ikiwa mibichi, ndiyo siku ya kulipa. Anayeanza na starehe akabakiza upepo wa uso kwa Jumapili ataishia kupakia baiskeli juu ya daladala.

Baridi yenyewe haina neno: alfajiri nyuzi 20 hivi, mchana 28. Koti jepesi linatosha, nalo huvuliwa kabla ya Tongoni.

Baiskeli ni 14. Saba ni za milimani zenye magurudumu ya inchi 26, nne ni za kipimo cha 700 zenye tairi pana, tatu ni Phoenix za inchi 28, zile za breki za vyuma. Tairi nyembamba kuliko milimita 35 haikubaliwi, hata mwenyewe akiapa kwamba ameizoea. Barabara hii kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi na kifusi, ujenzi wa lami ukaja kwa vipande, na penye ujenzi pana mchepuko, na kwenye mchepuko pana mchanga.

Ukaguzi unafanyika Ijumaa saa 11 jioni kwa sababu moja: mafundi wa Ngamiani bado wako kazini. Kasoro inayogunduliwa saa 11 alfajiri haina tiba, mtu anarudi kulala.

Cheni hupimwa kwa rula. Hesabu vipande 24 kutoka pini hadi pini: cheni mpya ni milimita 304.8. Ikifika 307 imekwisha. Cheni mbili zilifika 306, zikapita. Ya tatu ilikuwa 308, na mwenyewe alitaka kuibadilisha palepale. Alizuiwa, na ni vizuri sababu yake ieleweke. Cheni iliyokwisha imeshayachonga meno ya gia yafanane nayo. Ukiweka mpya juu ya meno hayo itaruka kila mara mtu anaposimama kwenye pedali, na kuruka kwa cheni ndiko kunakoangusha watu. Cheni na gia za nyuma hubadilishwa pamoja, tena wiki moja kabla ya safari. Usiku wa kuamkia safari huachwa zilivyo, mtu akaendesha kwa gia nyepesi.

Baada ya cheni, shika gurudumu kwa juu ulitikise kulia na kushoto. Likigonga, koni za habu, yaani kitovu cha gurudumu, zimelegea. Kaza mpaka kugonga kuishe lakini gurudumu lizunguke lenyewe. Ukizidisha, gololi zinasagika. Kisha funga breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma: ikicheza shingoni, kaza shingo. Kwa Phoenix angalia zaidi mpira wa breki, kwa sababu unabana upande wa ndani wa ringi na mchanga wa pwani unaula haraka. Mpira uliobaki chini ya milimita 3 ulibadilishwa kwenye baiskeli mbili.

Mafuta: tone moja kwa kila kiungo, zungusha pedali mara 20, kisha futa kwa kitambaa mpaka cheni ionekane kavu. Mafuta yanayofanya kazi ni yale yaliyoingia ndani. Yaliyobaki nje yanakusanya mchanga na kugeuka msasa. Oili chafu ya pikipiki, ambayo wengi huomba bure gereji, tayari ina unga wa chuma ndani yake.

Begi la pamoja lilibeba tyubu nne za inchi 26, tatu za 700 na mbili za 28. Viraka 20, gundi mirija miwili, msasa, pampu mbili (moja yenye kichwa cha valvu nyembamba), spana za 14 na 15, alenkii za 4, 5 na 6, kitoa pini cha cheni, spoki sita, waya, tepu, na kipande cha tairi kuukuu chenye urefu wa kiganja. Hicho kipande cha tairi kina kazi yake, itaonekana.

JUMAMOSI

Saa 11:30 alfajiri. Giza bado. Jua la mwezi huu huchomoza saa 12:35 hivi, kwa hiyo saa nzima ya mwanzo ni ya taa: nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na asiye na ya nyuma anawekwa katikati ya mstari. Kuondoka mapema hivi ni kuuwahi umande, ule upepo mwepesi wa asubuhi unaotoka bara. Kabla ya saa 2 au 3 kusi haijapata nguvu ya baharini. Kila kilomita inayoliwa gizani ni kilomita ambayo haitapiganiwa baadaye.

Mwendo ulikuwa kilomita 17 kwa saa, mstari mmoja, nafasi ya baiskeli moja kati ya mtu na mtu. Wazoefu hukaribiana nusu mita, lakini si gizani na si pamoja na wageni. Tairi la mbele lisipishane kamwe na tairi la nyuma la aliyetangulia: yeye akiyumba kidogo hapotezi kitu, wewe uliye nyuma ndiye unayeanguka. Maneno ya njiani ni machache na hupokelewa mpaka nyuma: “Shimo!”, “Mchanga!”, “Gari nyuma!”, “Nasimama!” Kunyoosha kidole bila kusema hakufai kabla ya mapambazuko.

Tongoni, kilomita 17 na ushei, saa 12:40. Dakika 15 za ndizi na maji. Jua lilitokea nyuma ya mikoko wakati baiskeli zinaegeshwa nje ya magofu. Msikiti wa kale na makaburi ya nguzo ya hapa ni ya enzi ambayo mji huu uliitwa Mtangata. Vasco da Gama alipita mwaka 1498, na meli yake São Rafael ikakwama kwenye fungu karibu na hapa. Mwaka uliofuata, akiwa njiani kurudi, aliichoma moto kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Baiskeli zisiegemezwe kwenye kuta wala kwenye makaburi. Chokaa na matumbawe ya miaka 500 hayahimili usukani.

Kilomita 17 hadi 30. Hapa ndipo mchepuko wa kwanza ulipokuja, mchanga laini wa kina cha vidole vitatu. Dawa ya mchanga ni hewa kidogo: tairi za inchi 26 zilizoanza na psi 38 zilishushwa hadi 28, za 700 kutoka 50 hadi 40. Tairi iliyolegea inatandaa na kuelea badala ya kukata. Gia nyepesi, pedali zizunguke mfululizo, uzito urudi nyuma kidogo, mikono isiushike usukani kama anayekaba mtu. Baiskeli kwenye mchanga hutafuta njia yake yenyewe, ukiilazimisha inalala. Wawili walilala, bila jeraha.

Kosa likatokea mchanga ulipokwisha. Lami ilipoanza tena, wengi walipanda bila kurudisha hewa, na mita 200 mbele kulikuwa na ukingo mkali ambapo lami inaanzia. Pancha mbili kwa mpigo. Ukizitoa tyubu unakuta matundu mawili yakitazamana, kama alama ya meno ya nyoka: tairi isiyo na hewa ya kutosha imebanwa kati ya ringi na ukingo, tyubu ikakatwa pande zote mbili. Pancha ya namna hii huitafuti mwiba wake, maana hauna. Jaza hewa kwanza, panda lami baadaye.

Pancha ya tatu ilikuwa ya mbigili, na hiyo ina adabu yake. Toa tyubu, ijaze, isogeze karibu na shavu au ichovye kwenye maji, weka alama. Kabla ya kuziba, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, taratibu, mpaka kinase. Mbigili huvunjikia ndani na ncha yake hubaki. Anayeziba tyubu bila kuutafuta mwiba ataziba tena baada ya kilomita mbili. Kwangua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, paka gundi nyembamba, subiri. Kwenye hewa yenye unyevu kama ya alfajiri ya pwani dakika tatu hazitoshi, hesabu tano, mpaka gundi ipoteze mng’ao na isishike kidole. Ndipo ubandike na kukandamiza kwa mpini wa bisibisi. Wenye haraka hubandika gundi ikiwa mbichi, halafu hulaumu kiraka.

Ya nne ilikuwa mkonge. Trela za mashambani huangusha majani njiani, na ncha ya jani ni mwiba mweusi mgumu unaopita tairi kama sindano ya magunia. Huu ulichana tairi sentimita moja nzima. Tyubu mpya peke yake ingechomoza kwenye mchano na kupasuka, kwa hiyo kile kipande cha tairi kuukuu kiliwekwa ndani, katikati ya tairi na tyubu, hewa ikajazwa psi 30 tu. Kilifika Pangani na kikarudi Tanga. Mkonge wenyewe si mwenyeji: mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikafika hai 62, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Vingekufa hivyo 62 vilivyobaki, historia ya Tanga ingekuwa nyingine, na pancha zingekuwa chache.

Kigombe, saa 2:20. Chai ya rangi, mihogo ya kukaanga, chapati. Hii ni bahari ya silikanti, samaki ambaye wataalamu walimdhania amekwisha zamani za kale mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa pwani hii wamewahi kumnasa kwenye nyavu za maji marefu, na tangu 2009 eneo hili ni hifadhi ya bahari. Lakini habari iliyohitajika asubuhi hii ilikuwa ya upepo, na anayeijua ni mvuvi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, wanangu. Mnakwenda Pangani saa hizi? Umande umeshakata huo. Muda si mrefu inaingia kusi yenyewe.”

Iliingia saa 3 kasoro, kundi likiwa linajaza chupa. Minazi ikaanza kulala upande mmoja.

Kilomita 30 hadi 50. Sasa hesabu. Mtu anayekwenda 18 kwa saa dhidi ya upepo wa 20 unaomjia usoni anapambana na hewa ya 38, na ukinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo huo. Ndiyo maana kuongeza kilomita mbili kwa saa kunamaliza miguu. Mwendo ukashushwa hadi 14, na anayeona aibu ya 14 akawekwa mbele dakika tano ajionee.

Anayefuata mgongo wa mwenzake hupunguziwa kazi karibu theluthi, ila kwa upepo wa ubavu mgongo hauko nyuma moja kwa moja. Kusi hapa inakuja kutoka mbele-kushoto, kwa hiyo kivuli cha upepo kinaangukia nyuma-kulia. Watu hujipanga mshazari bila kuambiwa, kila mmoja akichungulia bega la kulia la aliyetangulia. Na hapo ndipo hatari ilipo: sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mshazari huo unatambaa kuelekea katikati ya barabara, penye mabasi na malori. Kundi la 14 likijipanga hivyo, wa mwisho atakuwa upande wa magari yanayokuja.

Kanuni iliyotumika: makundi madogo ya wanne au watano, na katika moja watatu waliopungua nguvu wakaongozwa na wawili wenye uzoefu. Ndani ya kila kundi mshazari ni wa watu wawili tu, waliobaki wanarudi mstarini hata kama wanakula upepo. Kati ya kundi na kundi mita 50, gari lipate pa kuingia likipishana. Wa mbele anakaa dakika tatu, kisha anatoka kushoto, upande unakotoka upepo, anaacha kukanyaga na kusubiri wenzake wapite kuliani mwake. Akitoka kulia ataingia barabarani na kuwavunjia wenzake kivuli. Sharti aangalie pembeni kwanza. Kingo ya lami ikiwa imemomonyoka, zamu inaongezwa mpaka papatikane ukingo mzuri.

Kosa la kawaida la wa mbele mpya ni kuruka mwendo. Akishika usukani wa zamu anataka kuonyesha nguvu, 14 inakuwa 17, wa nyuma anaachwa mita mbili, na mita mbili kwenye kusi ni sawa na kuwa peke yake. Zamu hupokelewa kwa mwendo uleule.

Kilomita ya 41, spoki ikakatika kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli ya milimani iliyobeba mizigo kwenye keria. Upande wa gia, kama kawaida: spoki za upande huo zimekazwa zaidi ili ringi ikae katikati, na mzigo ukiongezeka ndizo zinazoanza kuchoka, huvunjikia kwenye kona karibu na habu. Kuweka mpya kunataka gia zitolewe, na ufunguo wa kuzitoa haukuwemo kwenye begi. Kilichofanyika: spoki iliyovunjika ikazungushiwa jirani yake isipige, ringi iliyokuwa imevutwa kushoto ikarudishwa kwa kulegeza nusu mzunguko spoki mbili za kushoto zilizo jirani na pengo, breki ikafunguliwa kidogo, mzigo wa kilo 6 ukagawanywa. Dakika 25. Spoki sita kwenye begi bila ufunguo wa gia ni pambo.

Pangani, saa 4:50 asubuhi. Saa tano na dakika 20 tangu kuondoka, saa tatu na nusu hivi zikiwa za kupiga pedali. Kila mtu alikunywa lita mbili hadi tatu.

Mchana. Kabla ya chakula, maji baridi kwenye baiskeli. Si anasa: chumvi ya pwani na unyevu wa usiku vinatosha kuotesha kutu kwenye cheni hadi asubuhi. Maji ya kisima au ya bomba, ndoo nusu kwa baiskeli, yamwagwe kutoka juu bila kurushwa kwenye habu na shingo, maana yatasukuma mchanga hadi kwenye gololi. Kausha kwa kitambaa, anika juani nusu saa, tia mafuta upya. Baadaye wali na samaki, usingizi, na wenye miguu wakavuka mto kwa pantoni hadi Bweni. Baiskeli kwenye pantoni hushikwa mkononi, breki zimefungwa. Ukiiegemeza kwenye gari utaifuata mtoni.

JUMAPILI

Kuondoka saa 1:30. Hakuna haja ya kuwahi giza, upepo leo ni wa bure. Kutoka Pangani mpaka Kigombe, kilomita 20, zilichukua dakika 50 na kicheko kingi. Mwendo wa 24, gia nzito, nguo hazipepei.

Sasa mambo yanageuka. Mtu anayekwenda 24 mbele ya upepo wa 20 anapata hewa ya 4 tu mwilini. Jasho halikauki, linatiririka. Jana kusi ilichukua nguvu lakini ilipoza. Leo inasukuma na kumwacha mtu achemke bila kujua, kwa sababu miguu haiumi. Kwa miguu isiyouma mtu hasikii kiu wala hasimami. Wengi walifika Kigombe na chupa zilizojaa nusu, wakajisifu kwa kuokoa maji.

Kilomita ya 33, baada ya saa 3:30, mmoja wa waliojisifu alianza kupepesuka: ngozi moto, kichwa kinagonga, kichefuchefu. Akawekwa kivulini chini ya mwembe, kofia na koti vikavuliwa, maji yakamwagwa kichwani, shingoni na kwapani, mwenzake akampepea kwa kipande cha boksi. Mchanganyiko wa kunywa ulikuwa tayari tangu asubuhi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha juu. Anywe kidogokidogo, asibugie, atatapika. Dakika 40 akarudiwa na rangi. Angekuwa anaongea ovyo au amezimia, ni hospitali mara moja huku mkimwagia maji, si kumsubiri. Hata alipopona hakurudi kwenye siti: baiskeli yake ilipakiwa kwenye gari lililokuwa linaelekea mjini, naye na mtu mmoja wakapanda.

Kuanzia hapo ikawekwa sheria ya saa: kila dakika 15 anayeongoza anapaza sauti “Maji!” na kila mtu anakunywa mafunda matatu, awe na kiu asiwe nayo. Na kila saa kitu kitamu, ndizi mbili au tende tano sita. Kwa kusi ya mgongoni saa inafaa kuliko kiu, na hii ingeanza Pangani.

Upepo wa kurudi unatoka nyuma-kulia, lakini baiskeli inauzidi mwendo, kwa hiyo kivuli chake kiko nyuma-kushoto, na mstari unasukumwa ukingoni. Wa mbele akishika ukingo, wa nyuma yake hawana pa kukaa ila kwenye changarawe. Anayeongoza aache mita moja na nusu kutoka ukingo wa lami. Na kwenye ule mchepuko wa mchanga, wanaofika na mwendo wa 24 hutupwa. Breki zianze mita 50 kabla, ya nyuma zaidi ya ya mbele, na ukiingia mchangani uziachie kabisa. Watatu walipita vizuri, wa nne alishika breki ya mbele ndani ya mchanga. Kiwiko kilichubuka, kikaoshwa kwa maji na sabuni mpaka punje zitoke.

Hewa ilirudishwa kabla ya ukingo wa lami. Hakuna pancha ya nyoka siku hii. Mbigili mbili, Tongoni na Mwambani.

Mjini saa 5:40. Baiskeli zikaoshwa tena kabla watu hawajatawanyika, kwa sababu anayesema ataosha nyumbani haoshi.

Hesabu ya begi: pancha sita, viraka sita, mrija mmoja wa gundi umekwisha na wa pili, uliofunguliwa mara moja tu, umeanza kukauka mdomoni. Tyubu mbili za Phoenix zimerudi hazijaguswa, na hata zingehitajika, Kigombe na Pangani zinauzwa dukani. Za 700 zenye valvu nyembamba hazipatikani popote njiani, na ilibaki moja. Safari ijayo: moja ya 28, tano za 700, gundi mirija mitatu, na ufunguo wa gia.